Tukiitwa kutoa maoni juu ya ziwa, twendeni

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyejaalia kila chenye uhai kitokane na maji. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba wake na wote wenye kufuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la dini. Ni hii mikutano ya kutoa maoni, ambayo mwenyekiti wa mtaa hupita na kutangaza kuwa wananchi wote mnaombwa kufika ofisi ya kata, kuna wageni wanataka kuzungumza nanyi juu ya mradi. Tangazo likipita, wengi wetu tunasema: hayo ni mambo ya serikali na wawekezaji, yameshapangwa huko juu, mimi nina swala yangu na biashara yangu. Je, kauli hiyo ni ya Muislamu?

Naandika haya nikiwa Singida. Asiyeujua mji huu aelewe kwamba umekaa baina ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji yake ni ya chumvi, na pembezoni kuna majabali makubwa ya mawe ambayo mgeni huyashangaa kabla hajauliza jina la mtaa. Hapa wapo wavuvi, wapo ndege aina ya heroe, wapo watoto wanaocheza kandokando, na wapo wazee ambao wamelima mboga karibu na ukingo tangu mji ukiwa mdogo. Zamani Singida ilikuwa ya kupita njia tu, msafiri akila kuku wa kienyeji na kuendelea na safari ya Mwanza. Leo mambo yamebadilika. Barabara ya lami inatuunganisha na Dodoma, Nzega na Arusha. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo, ardhi ya mikoa jirani nayo imeanza kutazamwa kwa jicho jingine. Kwa hiyo hapana ajabu yoyote kusikia watu wakizungumzia kuzipendezesha fukwe za maziwa yetu kwa hoteli, maduka, ofisi, nyumba za kuishi na bustani za kupumzikia, vyote katika eneo moja.

Sina nia ya kuutaja mradi huu au ule, wala kumtuhumu mtu. Nataka tujiulize tu: ikiwa tutaitwa kutoa maoni juu ya mradi wa namna hiyo, Uislamu unatutaka tufanye nini?

Machimbo ya chumvi ya Ma'rib

Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah (r.a.) habari ya sahaba aitwaye Abyad bin Hammal (r.a.). Sahaba huyu alifika kwa Mtume (s.a.w.) akamuomba ampe machimbo ya chumvi yaliyokuwa Ma'rib, katika nchi ya Yemen. Mtume (s.a.w.) akampa. Kisha mtu mmoja akamweleza Mtume (s.a.w.) hakika ya kile alichokitoa, kwamba chumvi ile ni mfano wa maji yasiyokatika na kila anayefika pale hujichukulia. Mtume (s.a.w.) aliposikia maelezo hayo, aliirejesha.

Tuitazame vizuri habari hii, kwani ndani yake mna somo zima la mikutano ya maoni.

Kwanza, uamuzi ulikuwa umeshapita na mwenye kuomba ameshapewa. Hata hivyo aliyekuwa na ujuzi hakusema kwamba muda umekwisha. Alisema. Na hakusema mbele ya diwani au mkurugenzi, alisema mbele ya Mtume wa Allah (s.a.w.)!

Pili, mtu yule hakuwa na cheo katika jambo lile. Alichokuwa nacho ni kuijua sehemu. Katika mapokezi ya Ibn Majah inaelezwa kuwa alikuwa ameshafika mahali pale na kupaona kwa macho yake. Hiyo ndiyo elimu ambayo mchoraji wa ramani anayetoka mbali hana. Mvuvi wa Singidani anajua maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa. Mama anayelima mchicha ukingoni anajua ni mfereji gani unaoleta uchafu wa mjini ziwani. Watu hawa wasiposema, nani atasema?

Tatu, sababu ya kuirejesha chumvi ile ilikuwa kwamba ni kitu ambacho watu wote wanakihitaji na wote wanakifikia. Wanazuoni wa fiqhi wamejenga juu ya hadithi hii kanuni kwamba kiongozi hana ruhusa ya kummilikisha mtu mmoja kitu cha namna hiyo. Na iko hadithi nyingine mashuhuri inayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto.

Nne, na hili wengi hawalisimulii, Abyad (r.a.) hakufukuzwa mikono mitupu. Katika mapokezi ya Ibn Majah, aliombwa aiachie, naye akaridhia kwa sharti kwamba iwe ni sadaka itokayo kwake. Kisha Mtume (s.a.w.) akampa mahali pake ardhi na mitende. Yaani hata pale maslahi ya umma yalipokuwa wazi kabisa, mtu mmoja aliyepoteza alizungumzwa naye, akaridhishwa na akapewa mbadala. Hebu tulinganishe na mwananchi wa leo anayeamka asubuhi na kukuta alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta wake.

Ukingo wa maji una haki yake

Fiqhi yetu haikuishia hapo. Vitabu vya madhehebu ya Imam Shafii (r.a.), ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, vinazungumzia kitu kinaitwa harimu. Ni eneo linalozunguka kisima, mto au chanzo cha maji, ambalo huachwa wazi ili watu wanufaike na maji yenyewe. Imam Jalaluddin Suyuti (r.a.), mwanachuoni mkubwa wa Cairo aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala maalumu kuwakataza watu wa zama zake kujenga kwenye ukingo wa mto Nile. Kwa hiyo mwenye kudhani kuwa maneno ya kulinda fukwe yameletwa na Wazungu, ajue kuwa wanazuoni wetu walishayaandika zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Sheria za nchi yetu nazo zinasema jambo linalokaribiana na hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa bahari, ziwa au mto. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa katika orodha ya ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Sheria hiyohiyo ya mazingira inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na wananchi washirikishwe katika tathmini hiyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye na maisha yake. Mlango upo. Kinachotakiwa ni watu wa kuuingia.

Na kwa maziwa yetu ya Singida jambo hili lina uzito zaidi. Singidani na Kindai yako katika bonde la ndani, ambalo maji yake hayaendi baharini. Maji yakishaingia humo hayana pa kutokea isipokuwa kupanda angani kwa jua. Uchafu haupandi na jua. Choo cha hoteli kikivuja ziwani, mafuta ya magari yakioshwa na mvua yakaingia ziwani, plastiki ikitupwa ziwani, vyote vinabaki humo na watoto wetu watavikuta.

Aidha, ziwa lisilo na mlango hupanda na kushuka. Miaka ya ukame hurudi nyuma likaacha uwanja mkavu mzuri, na mgeni akiuona husema hapa patafaa kwa jengo. Miaka ya mvua hurudi kuchukua chake. Mwaka 2020 majirani zetu wa Kenya waliona maziwa ya Bonde la Ufa kama Baringo, Nakuru na Naivasha yakipanda na kufunika nyumba, hoteli na mashamba. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Ziwa Victoria lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavuka rekodi ya mwaka 1964. Watu wa Dar es Salaam hawahitaji mfano wa mbali. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu bondeni Jangwani na kwingineko, na waliobaki wakahamishiwa Mabwepande. Leo katika bonde hilohilo la Msimbazi unatekelezwa mradi mkubwa uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, wenye daraja na bustani ya jiji ndani yake, na ambao nao umewahamisha watu. Maji yana kumbukumbu kuliko ofisi.

Karatasi ya mahudhurio

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa maoni katika mji mmoja, sitautaja. Tulipofika mlangoni tukapewa karatasi tuandike majina, namba za simu na sahihi. Ndani mlikuwa na ubao wenye picha nzuri za rangi, maandishi yote kwa Kiingereza. Mtaalamu alizungumza muda mrefu. Maswali yakapewa dakika chache, kisha soda na nauli. Baadaye tulisikia kwamba wananchi wa eneo lile walishirikishwa na wakaridhia. Ushahidi ulikuwa nini? Ile karatasi yenye sahihi zetu.

Ndugu Muislamu, sahihi ni ushahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ambayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Allah (s.w.) ameamrisha humo mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wasikatae pindi wanapoitwa. Iwapo deni la watu wawili limewekewa utaratibu mzito namna hiyo, vipi kuhusu ziwa la mkoa mzima? Ni sahihi kwa Muislamu kuweka jina lake chini ya jambo ambalo hakulielewa, kwa sababu ya nauli ya shilingi elfu kadhaa?

Kwa hiyo twendeni, lakini twende tukiwa na maswali. Tuulize kwa adabu na tutake jibu liandikwe. Hizo mita 60 zimepimwa kuanzia wapi: penye maji leo au penye maji ya mwaka wa mvua nyingi? Majitaka ya vyumba vyote hivyo yatakwenda wapi? Maji ya kutumia yatatoka wapi, ilhali mji wetu unategemea visima vya chini ya ardhi na bado ziko nyumba zinazosubiri zamu ya maji? Nani atahamishwa, amehesabiwa na nani, na fidia italipwa kabla ya kubomoa au baada? Mtoto wa Mnyaturu asiye na fedha ya kununua chai hotelini ataendelea kuwa na njia ya kufika ziwani? Kisha tuombe kumbukumbu za mkutano zisomwe kwa Kiswahili kabla hatujatawanyika, na asiyeridhika aandike barua yake mwenyewe na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tusiende kwa ajili ya baa tu

Najua liko jambo litakalowapandisha hasira Waislamu wengi mara moja. Hoteli itauza pombe. Hilo ni la kweli, na ni haki yetu kulisema, maana pombe ni mama wa maovu na sisi tunaishi pale na watoto wetu. Lakini tukiwa watu wa kusimama kwenye mkutano na kusema juu ya baa peke yake, kisha tukakaa chini tumeridhika, tutakuwa tumemuacha jirani anyang'anywe shamba na ziwa lijazwe kinyesi, ilimradi kinywaji kimeondolewa kwenye orodha. Je, dhulma ya ardhi si haramu? Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi hata kiasi cha shubiri atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Onyo hilo ni zito.

Wala tusilifanye jambo hili kuwa la Waislamu dhidi ya wengine. Ziwa halimuulizi mtu dini yake. Mvuvi Mkristo na mvuvi Muislamu wanatupa wavu mahali pamoja, na choo kikivuja kitawadhuru wote. Ule mfano wa jahazi aliotupigia Mtume (s.a.w.), uliopokelewa na Imam Bukhari (r.a.), haukuwagawa abiria. Wa chini walitaka kutoboa sehemu yao wenyewe wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Nia yao ilikuwa nzuri na sehemu ilikuwa yao. Lakini wakiachwa, wote wanazama. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Mwekezaji anaposema kiwanja ni changu na hati ninayo, tumkumbushe kwa upole kwamba jahazi ni moja.

Na tuwe waadilifu pia. Muislamu hapingi maendeleo. Kuiimarisha ardhi ni katika kazi aliyopewa mwanadamu na Mola wake. Vijana wetu wa Singida wanahitaji ajira, wakulima wa alizeti na vitunguu wanahitaji wanunuzi, halmashauri inahitaji mapato. Mradi uliopangwa vizuri, ulioachia ukingo wazi, uliojenga mtambo wake wa majitaka na kumlipa kila mwenye haki yake, kwa nini tuukatae? Tukishaona majibu ni mazuri tuseme ndiyo kwa sauti ileile ambayo tungesemea hapana. Anayekataa kila kitu hufikia mahali hasikilizwi hata akiwa na haki.

Wanaonihusu zaidi ni Maimamu

Mwisho nina neno kwa Masheikh na Maimamu wenzangu. Sisi ni wa mwanzo kualikwa katika mikutano hii. Tunaketishwa viti vya mbele pamoja na Mapadri na Wachungaji, tunaombwa tufungue kwa dua. Tukishaomba dua tunanyamaza mpaka wakati wa dua ya kufungia. Katikati ndipo ardhi inapokwenda! Kisha picha yetu hutolewa kuwa ni ushahidi kwamba viongozi wa dini wamebariki. Wengine tunapewa na bahasha.

Khalifa Umar (r.a.) alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina, aliihitaji nyumba ya Abbas (r.a.), ami yake Mtume. Abbas akakataa. Wakaenda kuhukumiwa kwa Ubayy bin Kaab (r.a.), na Ubayy akampa haki Abbas dhidi ya Amirul Muuminina, tena katika jambo la msikiti. Umar hakukasirika wala hakuleta askari. Abbas alipokwisha kupewa haki yake, ndipo alipoitoa nyumba ile kwa Waislamu kwa hiari. Ubayy angenyamaza kwa heshima ya Khalifa, leo tusingekuwa na cha kusimulia. Naye Imamu wa leo anayeogopa kumuuliza mwekezaji swali moja la majitaka, amerithi nini kwa Ubayy?

Tukumbuke pia kwamba kuna mambo ambayo yakishajengwa hayarudi. Ndugu zetu wa Zanzibar waliona jengo la kale la Mambo Msiige, pale Shangani, likifanywa kuwa hoteli. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyouingiza Mji Mkongwe katika orodha yake mwaka 2000, ilieleza wasiwasi wake juu ya ujenzi ule. Hoteli ilifunguliwa mwaka 2015 na ipo mpaka leo. Wakati wa kusema ni pale ramani ikiwa bado ni karatasi. Zege halisikilizi maoni.

Basi Maimamu, tangazo la mkutano wa maoni likiletwa, tulisome baada ya swala ya Ijumaa kama tunavyosoma tangazo la msiba. Tuwahimize akina mama nao waende, kwani wao ndio wanaobeba ndoo. Vijana wetu waliosoma sheria, uhandisi na ardhi, walio Singida, Dodoma na Dar es Salaam, wakae na wazee siku moja kabla wawafafanulie ripoti kwa lugha nyepesi. Asiyejua kuandika aandikiwe. Ataliye na bahasha airudishe, au aitangaze mbele ya watu ijulikane ni ya nini.

Allah (s.w.) amewasifu waumini katika Suratu Shura kwamba mambo yao ni ya kushauriana, akaitaja sifa hiyo pamoja na kusimamisha swala na kutoa katika walivyoruzukiwa. Sisi tumeshika swala, alhamdulillahi, na zaka tunajitahidi. Shura tumewaachia wengine, kisha tunalalamika kwamba tumeamuliwa. Siku ya Kiyama kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Wakazi wa Singida tumepewa maziwa mawili tuyachunge.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kusema haki pale inapotakiwa kusemwa, uwaongoze viongozi wetu katika uadilifu, na uwape wenye mali macho ya kumuona mnyonge. Amin.

Wabillahi tawfiq.